Mtindi Uliomwagwa Mtaroni

“Hicho ulichobeba ni nini, Mama Rasila?” Bi Purna aliuliza, ingawa macho alikuwa nayo na bakuli lilikuwa mbele yake.

“Mtindi na pepeta, mkwe wangu,” Chini Maya alijibu. “Nimekuja kumlisha mwanangu.”

Mji mzima wa Bhaktapur unaijua shughuli hiyo. Binti akikaribia kujifungua, mama yake mzazi hubeba mtindi na pepeta, yaani mchele uliopondwa bapa, akamfuata huko alikoolewa, akamlisha kwa mkono wake mbele ya wanawake wa mtaa ili ajifungue salama. Mama asiyekwenda husemwa mpaka siku anayowekwa juu ya kuni za kuchomea maiti. Chini Maya alitoka kwake Thimi kwa miguu, bakuli kifuani, kwa sababu kwenye basi watu hukuegemea na mtindi ukitikiswa huharibika. Alivaa sari yake nyeusi ya sikukuu, ile yenye pindo jekundu. Kucha zake zilikuwa na udongo, maana yeye na mumewe ni wafinyanzi, na udongo wa mfinyanzi hautoki kwa sabuni.

Rasila alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, tumbo limemjaa mapajani. Alipomwona mama yake mlangoni alitaka kuinuka. Bi Purna, mama mkwe wake, akamwonyesha kwa kidole akae.

“Umeununua duka gani?” Bi Purna aliuliza tena.

“Sikununua. Nimeugandisha mwenyewe.”

Hapo ndipo moto ulipowaka. Nyumba ile ni nyumba ya mtindi. Watu hutoka Kathmandu kuufuata, mtindi wa maziwa ya nyati, mzito, wenye utando wa dhahabu juu. Ukiligeuza bakuli chini juu, haudondoki. Bi Purna alitarajia Chini Maya apite kwanza dukani kwake kama mteja yeyote, anunue, kisha apande ngazi na kumlisha binti yake mtindi wa mama mkwe. Angemchekea, angempunguzia bei kidogo, na angelisimulia hilo mwaka mzima.

“Yaani mimi ndiye mtindi wa mji huu,” alisema Bi Purna akitugeukia sisi wanawake wa mtaa, “halafu mtu ananiletea mtindi nyumbani kwangu! Ni kama mimi nikufinyangie wewe chungu, mkwe wangu. Ungekipikia?”

Tukacheka. Chini Maya naye akatabasamu, kwa kuwa mgeni hana jingine la kufanya.

“Tena umekuja nao vumbi lote la barabarani. Rasila anameza vidonge vya bakteria wazuri, wifi yake kamletea. Hao wako ni bakteria gani? Wadudu wa Thimi?”

Tukacheka tena, safari hii kwa kishindo. Bi Purna akaona amepata hadhira, na mtu akishapata hadhira hajui pa kukomea.

“Mimba ya kwanza ilitoka,” alisema. “Simnyooshei mtu kidole. Ila alikuwa ametoka kwenu sikukuu, na kwenu alikula.”

Kicheko kikakatika. Bi Purna akalichukua bakuli kutoka mikononi mwa mkwe wake, akatoka nalo hadi ngazi ya mlangoni, akaligeuza juu ya mtaro. Mtindi ulikataa kwanza. Alilipiga bakuli kofi kitakoni ndipo ukaanguka mzima mzima, ukakaa pale na umbo la bakuli, utando wake wa dhahabu chini kwenye tope. Bi Purna, mwenye kuujua mtindi kuliko sote, hakuutazama hata mara moja. Mbwa wa jirani akaja mbio.

Chini Maya aliliokota bakuli lake. Alilisuuza bombani, akalifunga katika kitambaa chake cheupe. Hakulia.

“Umesema una wadudu, mkwe wangu,” alisema kwa upole. “Nimesikia.”

Akaondoka. Rasila alikula pepeta kavu, punje kwa punje, kwa sababu shughuli haiachwi njiani. Koo lilimkauka lakini hakuomba maji. Ndani ya moyo wake alikuwa anaapa kwa mtoto aliyekuwa akimpiga mateke ubavuni. Utaula mtindi ule, Bi Purna. Utauomba, utaula mbele ya watu hawa hawa, nami nitakuwa nakuangalia kinywani.

*

Mume wa Rasila, Rabindra, muda wote huo alikuwa dukani akifuta mizani iliyokwisha kuwa safi. Jioni alipanda ghorofani na sahani ya wali kama mtu anayeleta rambirambi.

“Ulisikia?” Rasila alimwuliza.

“Mama ana hasira za karibu. Kesho atakuwa amesahau.”

“Yeye atasahau. Ni mama yangu aliyemwagiwa.”

“Sasa mimi ningefanya nini, Rasila?”

“Ungesimama. Basi. Ungesimama tu, watu wakuone umesimama.”

Rabindra aliweka sahani chini akakuna shingo. Alikuwa mwema, na wema wake ulikuwa wa kukaa. Rasila alikula wali wote, maana mwenye kisasi hasusi chakula.

Kulikuwa na jambo ambalo Rasila alilijua peke yake. Katika nyumba ile, mbegu ya mtindi, yaani ule mtindi wa jana unaogandisha maziwa ya leo, haitolewi nje kamwe. Jirani akiomba kijiko, Bi Purna humwuzia bakuli lililotiwa sukari na hiliki, maana aliamini mtindi uliotiwa vikolombwezo hauzai vizuri. Mbegu halisi alikuwa anaifungia kwenye chumba cha vyungu, ufunguo kiunoni. Lakini mwaka wa kwanza wa ndoa, Rasila akiwa mgeni na mwenye kumlilia mama yake, siku mlango uliposahauliwa wazi alichota kijiko cha mbegu ile akaenda nacho Thimi. Alitaka mama yake ale anachokula yeye. Chini Maya aliitunza. Aliigandisha tena na tena, hajaiacha ikatike, kwa sababu ilitoka mkononi mwa mwanawe.

Kwa hiyo mtindi uliomwagwa mtaroni ulikuwa wa Bi Purna mwenyewe. Rasila angeweza kusema palepale. Angesema, angeitwa mwizi mbele ya mama yake, na aibu ingekuwa mbili. Akanyamaza, akaiweka siri ile mahali pazuri.

*

Vile vidonge vilikuwa na hadithi yake. Wifi yake Rasila, Prashansa, alikuwa anauza dawa Kathmandu, msichana mwenye moyo mzuri na mdomo usiopumzika. Kabla ya siku ile ya mtaro, tumbo lilipomsumbua Rasila, yeye ndiye aliyempeleka kwa daktari. Daktari, mama mmoja mwenye miwani iliyoning’inia kifuani, alimpima akamwambia hana neno.

“Na mimba ya kwanza?” Rasila alimwuliza. “Ilitoka kwa chakula?”

“Nani kakwambia? Nyingi hutoka zenyewe, mwanangu, bila kosa la mama wala la chakula.”

“Na hivi vidonge vya bakteria, nimpe?” Prashansa aliuliza.

“Akipenda ameze. Si sumu, si muujiza. Na mtindi wa nyumbani, kama maziwa yalichemshwa vizuri na vyombo ni visafi, ni chakula kizuri kwake. Ale.”

Prashansa aliyaeleza yote nyumbani, neno kwa neno. Bi Purna akachukua lile alilolitaka, akaacha mengine. Alisikia kwamba wajawazito wa Kathmandu wananunua bakteria kwenye kichupa, na kwamba kichupa kimoja kinalingana bei na mabakuli mengi ya mtindi wake.

“Tutatengeneza mtindi wa wajawazito,” alitangaza jikoni, siku chache baada ya kuumwaga ule wa Thimi. “Tutagandisha kwa vidonge. Bakteria wa hospitali, siyo hawa wetu wa kizamani.”

“Mama, hivyo ni vya kumeza,” Prashansa alisema. “Sijui kama vinagandisha. Hata vikigandisha, hautakuwa mtindi wako.”

“Unanifundisha mtindi?”

“Sikufundishi. Nakwambia jaribu bakuli moja kwanza. Na mbegu ya zamani iache pembeni.”

“Ukiweka ya zamani na mpya chumba kimoja, ya zamani itaingia kwenye mpya. Nataka safi. Kwanza nani atanunua mtindi wa wajawazito akijua ule wa zamani bado upo ndani?”

“Lakini Mama...”

“Wewe uza panado.”

Akafanya alivyosema. Alitoa mabakuli yote ya udongo akayasugua kwa dawa ya kusafishia vyoo; mkwe wake mfinyanzi angemwambia bure kwamba udongo hunywa kila unachoumwagia na hausahau. Akaikwangua mbegu ya bibi wa bibi zake Rabindra, akawapa watu wakala, bakuli la mwisho likaliwa na fundi aliyekuja kuandika kibao. Kibao kikapakwa rangi: mama mwenye tumbo kubwa, bakuli mkononi, na maneno mekundu, MTINDI WA BAKTERIA WAZURI KWA MAMA NA MTOTO.

*

Asubuhi iliyofuata alifunua mablanketi anayofunikia vyungu, akakuta maji. Maji meupe yenye vibonge, yananuka choo kilichooshwa. Akajaribu tena kwa vidonge vingi zaidi. Safari hii uliganda kidogo, laini kama uji, mchungu nyuma ya ulimi. Akaongeza sukari, akauza. Alasiri mabakuli yakaanza kurudi.

“Bi Purna, hiki ni nini?”

“Ni dawa. Dawa huwa chungu.”

“Mimi sikuja duka la dawa. Binti yako ndiye anauza dawa.”

Alituma watu kwa wateja wake wa zamani kuulizia kama kuna aliyebakiza walau kijiko. Hakuna aliyebakiza. Mtindi wa Bi Purna ulikuwa haulali nyumbani kwa mtu, na sifa hiyo ndiyo iliyomwangusha. Akanunua kwa siri mtindi wa mshindani wake wa mtaa wa pili, akagandishia. Ukaganda vizuri. Mteja wa kwanza akaramba kidole, akasema, “Ala, siku hizi unauza mtindi wa jirani?” Msimu wa harusi ulikuwa mlangoni, na nyumba mbili zilizokuwa zimeagiza zikatuma watu kuja kufuta. Sisi wa mtaa tulikuwa tunapita mbele ya kile kibao polepole, tunakisoma kwa sauti. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, wahenga walisema, na mama wa kwenye kibao alikuwa anatuangalia na tumbo lake.

Mwenye kuanguka hutafuta wa kumwangukia. Bi Purna alipanda ngazi hadi chumbani kwa mkaza mwanawe, Rabindra na Prashansa wakimfuata nyuma.

“Ni wewe,” alimwambia Rasila. “Umeviangalia vyungu vyangu na hilo tumbo lako. Una kinyongo na ule mtindi wa mama yako, ndiyo maana maziwa yangu yanakataa.”

“Mama, dawa ya choo ndiyo...” Prashansa alianza.

“Nyamaza! Namwuliza huyu.”

Rasila alikuwa anakunja nguo ndogo za mtoto, za pamba kuukuu, kama tunavyofanya, maana mpya humkwaruza. Alimaliza ile aliyoishika, akaiweka juu ya nyingine. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha. Sitasema ilikuwa huzuni au huruma. Ilikuwa furaha.

“Mama,” alisema, “siku ile ulipolipiga bakuli kofi, mtindi ulidondoka vipi?”

“Unasema nini?”

“Ulidondoka mzima. Na umbo la bakuli. Mtindi wa nani hudondoka hivyo?”

Rangi ilimtoka Bi Purna usoni taratibu.

“Nilichota mbegu mwaka nilioolewa, nikampelekea mama yangu. Niite mwizi, niko tayari. Mama yangu hajaiacha ife. Mbegu ya nyumba hii iko Thimi, Mama, kwa yule yule wa bakteria wa vumbi.”

“Mwizi!” Bi Purna alipiga kelele. “Mwizi wewe! Rabindra, umemsikia mkeo? Shuka sasa hivi uende Thimi ukachukue mali yangu!”

Rabindra alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Akasimama. Alisimama tu, mikono imening’inia, kama mtu asiyejua miguu ilivyomfikisha pale.

“Siendi,” alisema. “Bakuli hukunipa mimi nilimwage. Nenda mwenyewe.”

*

Alikwenda kwa teksi, kitambaa usoni, ili asionekane. Dereva hakuweza kuingia kwenye vichochoro vya wafinyanzi, kwa hiyo akamshusha mwanzoni kabisa, na Bi Purna akapita katikati ya vyungu vilivyoanikwa juani huku kila mlango ukimtazama.

Chini Maya alikuwa uani, anapigapiga chungu kibichi kwa kibao. Alimpa mgeni kigoda. Kigoda kilikuwa upande unaoelekea moshi wa tanuri.

“Karibu, mkwe wangu. Rasila hajambo?”

“Hajambo. Nimekuja kuomba mbegu.”

“Mbegu ya nini? Ya haradali?”

“Ya mtindi.”

“Mtindi gani?”

“Wako.”

“Sikusikia. Masikio yangu yamejaa udongo.”

Majirani walikuwa wameacha kazi. Bi Purna alikohoa moshi, akafuta macho.

“Wako, Mama Rasila. Naomba mtindi wako.”

“Ahaa,” alisema Chini Maya. “Ungesema tangu mwanzo.”

Akaingia ndani, akatoka na bakuli moja, jingine akaliacha rafuni. Bi Purna aliuona ule utando wa dhahabu na mikono ikamwinuka yenyewe, kama ya mtu aliyekutana na ndugu aliyedhaniwa amekufa. Lakini Chini Maya hakumpa. Aliuteremsha mtindi kwenye sufuria, akaiinjika juu ya moto.

“Unafanya nini?” Bi Purna aliruka kutoka kigodani. “Utaiua! Mbegu ikichemka imekufa!”

“Ulisema una wadudu, mkwe wangu. Nilisikia.” Chini Maya alikuwa anakoroga kwa utulivu. “Nisije nikakupa wadudu wa Thimi ukawapelekea wajawazito. Nauchemsha wafe wote.”

Mtindi ukatoa povu, ukakatika, maji huku na mabonge kule. Chini Maya aliungoja uchemke vizuri. Kisha akaumimina katika lile bakuli la siku ile, akalifunga katika kile kitambaa cheupe, akalitoa kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu wa heshima.

“Nenda nao salama. Usije ukamwagika njiani.”

Uani walicheka mpaka mtu mmoja akavunja chungu. Bi Purna alilibeba bakuli lile lenye joto hadi barabarani, kwa sababu hakujua aliweke wapi. Malipo ni hapa hapa duniani, na mara nyingine huja yangali ya moto.

*

Rasila alijifungua hospitalini, mtoto wa kike, mzito, mwenye sauti ya kudai. Chini Maya alipokuja kumwona hakuzuiwa na mtu. Rabindra mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango, akamwinamia miguuni, akampokea bakuli na kulipandisha ghorofani kwa mikono yake. Tangu hapo Rasila akawa anagandisha bakuli moja dogo chumbani kwake, analifunika kwa blanketi la mtoto, na mlango una kufuli. Ufunguo aliufunga kiunoni, kwenye pindo la sari, mahali ambapo Bi Purna alikuwa anafunga wake.

Duka lilikuwa limefungwa. Kile kibao kilikuwa kimegeuzwa kuwa meza ya kuanikia pilipili.

Siku ya kumpa mtoto jina, wanawake wa mtaa tuliitwa tena, wale wale, tukakaa paani kwenye jua. Mtoto alikuwa amepakwa mafuta ya haradali anang’aa. Chini Maya alikuwa anamkanda miguu. Rasila alikuwa na bakuli mapajani, anakula mtindi na pepeta bila haraka, ile shughuli iliyokatwa katikati akiimaliza mwenyewe. Harufu ilitembea paa zima.

Bi Purna alikuwa amekaa karibu na ngazi. Alikuwa amekonda. Alitazama kijiko kikienda na kurudi hadi akashindwa.

“Rasila, mwanangu,” alisema kwa sauti ndogo. “Nionjeshe.”

Tukamgeukia Rasila sote.

“Unataka kuonja, Mama, au unataka mbegu?”

“Kuonja tu.”

“Huu ndio ulioumwaga.”

“Najua.”

“Sema wa nani.”

Bi Purna alimtazama Chini Maya, ambaye hakuinua uso kutoka kwenye miguu ya mtoto. “Wa mama yako,” alisema.

Rasila alichota kijiko kimoja. Alinyoosha mkono, na Bi Purna akajivuta kwa magoti kwenye mkeka hadi akakifikia. Alipokea kwa kinywa kama mtoto, akafumba macho. Lakini hakumeza. Shavu moja lilikuwa limetuna kidogo, na mkono wake ulikuwa tayari umeanza kupapasa pindo la sari, kutafuta kitambaa cha kuutemea.

“Meza, Mama,” alisema Rasila.

Bi Purna akatikisa kichwa, machozi yakimtiririka. Mbegu haihitaji zaidi ya kijiko, na kijiko alikuwa nacho.

“Hapa hapa. Meza. Mbegu nitampa binti yangu akikua, kama akitaka. Wewe meza.”

Koo lilipanda, likashuka.

“Sasa fungua kinywa tuone.”

Bi Purna akafungua kinywa.